Kabla ya Kununua Shamba, Chimba Shimo

SWALI: Ndugu Mhariri, nataka kununua ekari sita karibu na Masasi ili nipande mikorosho, na katikati ya mistari nilime ufuta na mbaazi mpaka matawi ya miti yatakapokutana. Muuzaji ananihakikishia kwamba shamba lina rutuba kwa sababu udongo wake ni mweusi, na analidharau la jirani lenye udongo mwekundu wa kichanga, ambalo bei yake ni nafuu. Nitaujuaje ukweli kabla ya kulipa? – Msomaji, Newala.

JIBU: Ndugu msomaji, rangi peke yake isikufanye utoe fedha. Udongo mweusi wa mbuga unaweza kuwa na rutuba nyingi na bado usiufae mkorosho, kwa kuwa masika hutuamisha maji na kiangazi hupasuka nyufa. Mkorosho hutaka udongo wenye kina, unaopitisha maji na usio na tabaka gumu chini. Ndiyo maana unastawi huko kwenu Newala na Tandahimba, kwenye mchanga mwekundu ambao mtu wa mahindi angeulalamikia. Ufuta nao hauvumilii maji yaliyotuama.

Kwa hiyo omba ruhusa uchimbe shimo la kina cha mita moja na nusu sehemu ya juu ya shamba, na jingine bondeni. Kama sururu inagonga mwamba au changarawe iliyoshikamana kabla ya kufika mita moja, mizizi nayo itakwamia hapo. Tazama kuta za shimo kwa makini: madoa ya kijivu yaliyochanganyika na rangi ya kutu ni alama kwamba maji hukaa hapo muda mrefu kila mwaka, hata kama siku uliyokwenda pamekauka kabisa. Kisha lowanisha udongo kidogo na uuviringishe kiganjani. Ukikatika mara moja ni kichanga, ukifanya utepe mrefu unaong'aa ni mfinyanzi. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufika hadi Nachingwea, ulikwama huko Kongwa kwa sababu mojawapo kwamba mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu hata kuvuna kukawa shida. Nenda ukalione shamba masika na kiangazi, ikiwezekana.

Vipimo vya maabara vinafuata baada ya hapo, navyo ni muhimu hasa kama shamba lina mikorosho ya zamani. Salfa inayopulizwa miaka mingi kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, huongeza tindikali kwenye udongo, na pH (kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi) ikishuka sana chini ya 5.5 mazao mengi ya msimu hudhoofika, ingawa mkorosho wenyewe na muhogo huvumilia zaidi. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, ambayo ni gharama ya kuihesabu ndani ya bei. Chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu 15 hivi kwa kuzunguka shamba zigizagi, ukiepuka vichuguu na palipochomwa moto, uchanganye kwenye ndoo safi, ukaushe kivulini, kisha upime nusu kilo. Bonde na mwinuko vipimwe mbalimbali. Afisa ugani wa kata, au kituo cha Naliendele cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, watakuelekeza pa kuupeleka.

Kwa maelezo yako, lile shamba jekundu ningelichimba kwanza.