Waifai ipo, intaneti haipandi

Yakhe, kama tangu ubadilishe rauta hapo ofisini Chake waifai inashika lakini intaneti hamna, usiirudishe dukani kwanza. Tazama waya wa intaneti nyuma, usiwe umeuchomeka LAN (matundu ya kompyuta za ofisini), unatakiwa WAN (tundu la kupokea intaneti kutoka nje), mara nyingi tundu lake lina rangi mbali. Halafu fungua kwenye brauza ile namba ya kwenye kibandiko chini ya rauta, nyingi ni 192.168.1.1, ingia sehemu ya mipangilio ya WAN, na hapa ndo wengi wanapokwama: rauta mpya inakuja na DHCP (inajipatia anwani wenyewe, bila jina wala paswedi), sasa kampuni yako ya intaneti ikiwa inatumia PPPoE (njia ya kuingia kwa jina na paswedi) haitopanda hata ukae mpaka magharibi, lazima uchague PPPoE uweke jina na paswedi walokupa wao, si ile ya waifai. MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ya data) iweke 1492. Na paswedi ya admini (ya kuingilia mipangilio ya rauta) badilisha leoleo tafadhali, ofisini wanaingia watu wengi.