Charizard Mmoja kwa Professor Oak Wawili: Nguvu ya Kadi Hupimwaje?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Ninacheza mchezo wa kadi wa Pokémon hapa Ujiji, na kikundi chetu kinatumia kadi za seti ya kwanza tu, ile iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1999. Ninaye Charizard mmoja, kiumbe wa moto. Mwenzangu wa Mwanga anamtaka, naye yuko tayari kunipa Professor Oak wawili, kadi ya kuokotea kadi nyingine, na Hitmonchan mmoja, kiumbe mpiganaji. Wenzangu wote wanasema nitakuwa nimelizwa, kwa kuwa Charizard anapiga 100 na Hitmonchan anaishia 40. Nimeona pia video iliyompa Charizard alama tisa na nusu kati ya kumi. Je, nikubali?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Swali hili hunifikia hapa Tabora mara kwa mara, likibadilika jina la kadi tu, na kila mara hoja inasimama juu ya namba kubwa iliyochapishwa kwenye kadi. Namba hiyo ni ahadi yenye masharti, na masharti ndiyo yanayopaswa kusomwa kwanza.

Pigo la Charizard la 100 linadai nishati nne, yaani kadi anazowekewa kiumbe ili aweze kupiga, na kanuni inakuruhusu kuweka nishati moja tu kwa zamu. Isitoshe, ni lazima Charmander atangulie mezani, akue kuwa Charmeleon, ndipo awe Charizard, na hakuna anayekua katika zamu ile ile aliyowekwa. Kwa nishati za moto za kawaida, mambo yakikunyookea kabisa, utapiga zamu ya nne; ukishapiga, unatupa kadi mbili za nishati, nawe utahitaji zamu mbili kuzirudisha. Utapiga tena zamu ya sita, na jumla itakuwa 200. Sasa mhesabu Hitmonchan, ambaye huanza na pigo la 20 kwa nishati moja tangu zamu ya kwanza, kisha hupiga 40 akifikisha nishati tatu: 20, 20, 40, 40, 40, 40. Jumla ni 200 ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja amekula kadi tatu na nishati sita, na mwingine amekula kadi moja na nishati tatu, huku akiwa amekwisha kumsumbua mpinzani tangu mwanzo.

Atatokea mtu wa kusema kwamba Double Colorless Energy, kadi moja inayohesabika kama nishati mbili, humharakisha Charizard kwa zamu moja. Ni kweli, kwa kuwa uwezo wa Charizard uitwao Energy Burn huigeuza nishati hiyo kuwa ya moto. Ni kweli pia kwamba mpinzani mwenye Energy Removal ataiondoa kwa kadi moja, na seti hiyo hiyo inayo Super Energy Removal ambayo huondoa mbili.

Hapo bado nimejifanya kwamba kadi huja kwa mpangilio unaoutaka. Fungu, yaani kadi zote anazochezea mchezaji mmoja, lina kadi 60 na unaanza na saba mkononi. Hata kama ungekuwa na Charizard wanne na Charmander wanne, uwezekano wa kuanza ukiwa na angalau mmoja wa kila aina ni kama 15 katika 100, yaani takribani mechi moja kati ya saba, na Charmeleon hatujamgusa. Wewe unaye Charizard mmoja tu. Katika mechi moja kati ya kumi atakuwa amelala kifudifudi kwenye zile kadi sita za zawadi, zinazotengwa mwanzoni na kuchukuliwa kila unapomwangusha kiumbe wa mpinzani, na hutamwona mpaka uanze kuzichukua.

Jumamosi moja nilikuwa mwamuzi wa mechi chini ya mwembe, na kijana mmoja alimwokota Charizard wake mapema kabisa. Alimshika mkononi mechi nzima, kidole gumba kikiwa juu ya picha, na plastiki ya kadi ikaanza kupata ukungu wa jasho. Mezani alikuwa na Charmander mwenye uhai wa 50, ambaye Hitmonchan alimmaliza kwa mapigo matatu ya 20. Charmeleon hakuonekana kabisa. Kijana aliposimama aliniambia kwamba amekosa bahati. Hakukosa bahati hata kidogo, kwani fungu lake lilifanya kile lilichoundwa kufanya.

Hili ndilo kosa linalonichosha kuliko yote: watu huipima kadi kwa siku yake njema. Kadi ipimwe siku mbaya, ukiwa umebakiwa na kadi mbili mkononi na mpinzani amekutangulia. Professor Oak siku hiyo anakwambia utupe ulichonacho na uokote kadi saba, na seti hiyo haikuwekei kikomo cha kutumia kadi za aina yake katika zamu moja. Chini ya kadi yake kuna alama ya almasi, wala si nyota ya kadi adimu. Alama hizo zinaeleza jinsi kadi inavyopatikana, na hazisemi lolote kuhusu nguvu.

Simaanishi kwamba Charizard hafai popote. Mapigo ya Hitmonchan yanayomfikia hupunguzwa kwa 30, kwa hiyo lile la 20 halimpati kitu, na kama kikundi chenu kizima kinacheza polepole na hakuna mwenye kadi za kuondoa nishati, hesabu yangu inabadilika. Anayecheza karata anajua kwamba turufu ikiwa shupaza, shupaza ndogo kabisa inaila ree ya kopa. Nguvu ya karata imetoka wapi hapo, kama si kwenye meza?

Kwa ajili ya kucheza, basi, kubali. Lakini kama kadi yako ni ya chapa halisi na haijachakaa, bei yake kwa wakusanyaji ni jambo jingine kabisa: usiibadilishe, iuze, kisha ununue Professor Oak wanne na utabaki na chenji.

Kuhusu hizo alama tisa na nusu, niruhusu niseme kwa ukali kidogo. Wapo watu wanaotoa alama za kadi saa chache baada ya picha yake kuonekana, kabla hawajaicheza, na vijana wanatumia pesa kwa maneno yao. Historia ya michezo hii imewaumbua wengi wa namna hiyo. Katika Magic: The Gathering, mchezo mwingine wa kadi, kadi ya Necropotence ilipotoka mwaka 1995 wengi waliidharau kwa kuwa inamlipisha mchezaji uhai wake mwenyewe ili apate kadi, lakini mwaka uliofuata ilitawala mashindano. Skullclamp ya mwaka 2004 humpunguzia kiumbe anayeivaa uhimili, yaani kiasi cha pigo anachoweza kustahimili, kwa moja, jambo linaloonekana kuwa kasoro, kumbe kiumbe mdogo akifa ndipo unapookota kadi mbili. Kadi hiyo ilipigwa marufuku katika mashindano ya Standard, yale ya seti za karibuni, mwaka ule ule.

Wengine hudai kwamba wamejaribu, na jaribio lenyewe ni mechi kumi. Fungu lisilo na ubora wowote juu ya mpinzani wake litashinda mechi saba au zaidi kati ya kumi mara 17 katika kila majaribio 100, kwa bahati tupu. Mimi hutumia daftari la shule: kila ninapoiokota kadi ninayoipima, naandika kama niliifurahia au nilitamani ingekuwa nyingine, na dhidi ya fungu gani. Sitoi hukumu kabla ya kurasa kadhaa kujaa, na hukumu hiyo haivuki mafungu niliyoyaandika.

Mwezi uliopita kijana mwingine aliniletea simu ili nione kadi fulani ikipewa alama tisa. Nilimuuliza ni tisa dhidi ya fungu lipi. Akairudisha video mwanzo, tukaitazama yote pamoja, na mzungumzaji hakulitaja hata moja.