Usichapishe sura ya kocha kwenye hizo fulana, nakuomba

Ndugu yangu, usichapishe hizo fulana. Umeandika kwamba tangu TFF, shirikisho letu la mpira, ilipotangaza mwezi huu wa Novemba 2025 kuwa Miguel Gamondi atakuwa kocha wa muda wa timu yetu ya taifa, Taifa Stars, badala ya Hemed Suleiman, mtaani kwenu watu wamechangamka, na kwamba umepanga kutoa akiba yako ya kibubu ukachapishe fulana 500 zenye sura yake kabla ya mashindano ya Afrika nchini Morocco. Umeuliza pia kama Hemed ametendewa haki, na kama mashabiki wa Simba watamkubali mtu aliyeipa Yanga ubingwa. Hayo nitajitahidi kuyajibu nikipata nafasi, lakini nimesoma neno "sura yake" na mikono imeanza kutetemeka, kwa hiyo naanza na fulana.

Mimi nina duka dogo la nguo Morogoro, na mwaka 2021 nilifanya jambo lile lile unalotaka kulifanya wewe.

Kim Poulsen, kocha Mdenmark, aliporejeshwa Taifa Stars Februari 2021, watu wa rika langu tulifurahi kwa sababu tulikuwa na kumbukumbu, si kwa ushabiki wa upepo. Katika awamu yake ya kwanza tulimwona akiifunga Morocco mabao 3 kwa 1 Dar es Salaam, tarehe 24 Machi 2013, Thomas Ulimwengu akifunga moja na Mbwana Samatta mawili. (Ni tarehe hiyohiyo, miaka sita baadaye, tulipoifunga Uganda 3 kwa 0 na kukata tiketi ya kwenda mashindano ya Afrika kule Misri, sijui kwa nini Machi inatupenda hivyo.) Aliporudi, mtu alionekana kama mjomba aliyekuwa safarini, na kila aliyeingia dukani kwangu alikuwa na hadithi yake juu ya siku ile ya Morocco.

Kisha zikaanza mechi za kufuzu Kombe la Dunia, Kundi J. Tulitoka sare ya 1 kwa 1 na DR Congo kule Lubumbashi, tukaifunga Madagascar 3 kwa 2 nyumbani, tukafungwa na Benin 1 kwa 0 nyumbani, halafu tarehe 10 Oktoba 2021 tukaenda Cotonou tukawalipa Benin kwa bao la Simon Msuva. Tulikuwa na pointi 7 sawa na Benin, DR Congo akiwa na 5, zikiwa zimebaki mechi mbili. Wewe ulikuwa wapi usiku ule? Mimi nilikuwa nimesimama juu ya benchi katika kibanda cha kuonyeshea mpira, nikiwa na kalamu na kipande cha boksi, napiga hesabu.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Fulana moja, pamoja na kitambaa, ushonaji na uchapaji, ilinigharimu shilingi 9,000. Nikaagiza 300, ikawa 2,700,000. Shilingi 700,000 nilizitoa kwenye mzunguko wa duka, na 2,000,000 nikakopa kwenye kikundi chetu cha kukopeshana, nirudishe 2,200,000 ndani ya miezi sita. Bei ya kuuza nikaipanga 15,000. Mbele niliweka sura ya Kim Poulsen na maneno "KIM KARUDI", na mgongoni "QATAR 2022". Nilipozipokea kwenye marobota mwishoni mwa Oktoba nilizikunjua moja moja, nikamwita mke wangu aje aone. Aliiangalia fulana kwa muda, akaniuliza, "Na huyu Mzungu akifukuzwa?" Nikamwambia aache kuitia timu nuksi.

Hadi asubuhi ya tarehe 11 Novemba nilikuwa nimeuza fulana 73. Jioni ile DR Congo walikuja Uwanja wa Benjamin Mkapa wakatufunga 3 kwa 0. Sitasimulia mchezo, kwa sababu kila mwenye umri wa kutosha anaukumbuka. Nitakachokusimulia ni kilichotokea kesho yake dukani, maana hicho ndicho usichokiona sasa hivi.

Kesho yake aliingia mteja wangu wa siku nyingi, dereva wa daladala, mtu ambaye huikosi sauti yake Taifa Stars inapocheza. Akaishika fulana, akaangalia ile sura, akairudisha mahali pake na kuniambia kwamba Stars anaipenda bado, ila huyu hawezi kumvaa kifuani, maana watamtania kituoni. Nilisimama nikiwa nimeduwaa, ndugu yangu. Shabiki hakuwa ameiacha timu hata kidogo; alikuwa tayari kununua kitu cha timu siku moja baada ya kipigo. Kilichomzuia ni uso wa mtu mmoja, ambao usiku kucha ulikuwa umegeuka kuwa uso wa lawama. Mechi ya mwisho tulitoka sare ya 1 kwa 1 na Madagascar, tukamaliza wa tatu kwa pointi 8, na yale maneno ya mgongoni nayo yakafa. Kati ya Novemba ile na Agosti 2022, Poulsen alipoondolewa na kazi kukabidhiwa Honour Janza wa Zambia kwa muda, niliuza fulana 31 kwa shilingi 6,000, nyingi zikienda kwa mafundi wa magari waliozitaka za kazini. Zilizobaki ni 196.

Jumla ya mauzo yote ilikuwa 1,281,000. Kikundi kilitaka 2,200,000. Nikauza cherehani ya umeme ya mke wangu kwa 850,000, na kilichopungua nikakitoa dukani. Cherehani ile ndiyo ilikuwa inalipa ada za watoto. Yeye hakunisema, na hilo liliniuma kuliko kama angenisema. Alihama na kwenda kushonea kwa dada yake kwa zamu, kila jioni, kwa mwaka mzima.

Sasa niseme juu ya walionidanganya, kwa sababu hata wewe naona wamekuzunguka. Wa kwanza ni fundi wa uchapaji aliyeniambia kwamba bila sura ya kocha mzigo hautoki. Kumbe picha ya rangi nyingi inamlipa yeye zaidi ya maandishi matupu, na mzigo utoke usitoke, yeye ameshalipwa. Wa pili ni mchambuzi mmoja wa redio aliyekuwa akirudia kila asubuhi kwamba safari hii shirikisho limebadilika na kocha hatoki hata akifungwa. Mtu mwenye kipaza sauti anapaswa kujua kwamba kuna wasikilizaji wanaofanya maamuzi ya fedha kwa maneno yake. Yule alihama kutoka "hatoki" hadi "alipaswa kutoka mapema" ndani ya wiki moja, na sikumsikia hata siku moja akiomba radhi. Wa tatu, na huyu bado nikikutana naye navuka barabara, ni kiongozi wa kikundi cha mashabiki aliyeniahidi kuchukua fulana 150 kwa ajili ya safari ya wanachama wake. Baada ya filimbi ya mwisho siku ya DR Congo, simu yake haikupatikana tena.

Na wewe umeandika kwamba "kaka mmoja wa tawi" amekuahidi kuchukua 200. Soma tena sentensi iliyotangulia.

Najua kuna watakaoandika hapa chini kwamba nina mkosi na kwamba watu kama mimi ndio tunaoiroga Stars. Nawajibu mapema: kama mkosi wa mwenye duka mmoja wa Morogoro ungeweza kuwapa DR Congo mabao matatu Dar es Salaam, basi wao wangenilipia tiketi niwe naiona kila mechi yetu.

Kilichonifundisha si hasara peke yake. Mwaka 2019, kabla ya mechi ya Uganda, nilikuwa nimechapisha fulana 60 za bluu zenye neno moja tu kifuani: TANZANIA. Sikuweka sura, mwaka, wala jina la Emmanuel Amunike, kocha wa wakati ule, ingawa naye alikuwa anaimbwa kila kona, kwani tulikuwa hatujafika mashindano ya Afrika tangu 1980. Sababu yake ilikuwa kwamba fedha ya picha sikuwa nayo. Tukaenda Misri tukafungwa na Senegal, Kenya na Algeria, na Julai Amunike akaondolewa, miezi minne tu baada ya nchi nzima kumbeba. Fulana zangu hazikujua kwamba ameondoka. Ziliuzika wakati wa kocha aliyefuata, Etienne Ndayiragije, zikauzika wakati wa Poulsen huyohuyo, na ya mwisho nilimuuzia mwanafunzi mmoja kwa bei kamili wakati wa Adel Amrouche. Jibu lilikuwa linaning'inia ukutani mwa duka langu mwenyewe miaka yote ile, nami nikalipita kila asubuhi nikifungua mlango.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: furaha ya kocha mpya ifurahie bure, lakini fedha yako iweke kwenye jina la nchi. Mfurahie Gamondi upendavyo. Mimi mwenyewe nampenda. Nilimwona akiifikisha Yanga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2024 na kutolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti tu, na mwaka huu akiwa na Singida Black Stars amechukua Kombe la Kagame la klabu za Afrika Mashariki na Kati. Sina neno baya juu yake. Hata hivyo, tangazo lenyewe linasema ni kocha wa muda, nawe unataka kumchapisha kwa wino usiofutika.

Mkumbuke Amrouche. Septemba 2023 alitupeleka mashindano ya Afrika kwa sare ya bila mabao na Algeria kwao Annaba, na mtaani kwangu watoto wawili walioanza kutembea wakati ule wanaitwa Adel kwa utani hadi leo. Januari 2024, kule Ivory Coast, tulicheza mechi ya kwanza na Morocco tukafungwa 3 kwa 0, CAF, shirikisho la mpira Afrika, ikamfungia mechi nane kwa maneno aliyoyasema juu ya Morocco, shirikisho letu likamsimamisha, na mechi ya pili dhidi ya Zambia tukaicheza chini ya Hemed Suleiman. Kocha alibadilika katikati ya mashindano, kati ya mechi ya kwanza na ya pili! Mwenye fulana za Amrouche wakati ule alikuwa na siku chache tu za biashara. Na mtu angekimbilia kuchapisha za Hemed baada ya ushindi wa 1 kwa 0 dhidi ya Guinea tarehe 19 Novemba 2024, siku tuliyofuzu mashindano haya haya, au baada ya robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mwaka huu, leo angekuwa amekaa pembeni yangu juu ya marobota.

Hapo nadhani nimeligusa swali lako la Hemed. Aliyeivusha timu alistahili kuingia nayo uwanjani Morocco. Hilo nalisema kwa moyo wote, na wanaoshangilia Gamondi wasisahau kumshukuru.

Lakini turudi kwenye fulana. Ratiba yetu inaanza na Nigeria tarehe 23 Desemba, kisha Uganda, kisha Tunisia. Ukichapisha TANZANIA kwenye fulana ya bluu, ukafungwa na Nigeria, utauza kwa ajili ya Uganda. Ukichapisha Gamondi, ukafungwa na Nigeria, utakuwa umebeba ubishi wa nchi nzima kwenye mfuko wa salfeti. Na ikiwa atashinda zote tatu, kama ninavyomwombea kila siku, hakuna shabiki atakayekataa fulana ya nchi yake kwa sababu haina picha ya kocha. Mimi sijawahi kumwona huyo shabiki, na niko nyuma ya kaunta mwaka wa kumi na tatu.

Punguza pia idadi. Anza na 80, si 500, uzungushe fedha. Usikope. Yule wa tawi anayetaka 200 mwambie alete nusu ya fedha kabla hujakata kitambaa, utajua ukweli wake kabla hajamaliza kunywa chai.

Umeandika kwamba fundi anaanza kuchoma fremu ya kuchapia picha Jumatatu, na leo ni Jumamosi. Fremu ikishachomwa hawarudishi hela, hata ukilia. Mpigie usiku huu, mwambie aondoe sura na aache neno moja. Akikuambia kwamba bila sura mzigo hautoki, mpe namba ya mtu wa jukwaa hili mwenye fulana 196 zenye sura. Nitumie ujumbe binafsi nikupe namba hiyo, nitazungumza naye mimi mwenyewe.