Itembeeni barabara kwanza, trekta baadaye

Wadogo zangu mnaoripoti kazini kwenye mashamba ya miti ya Shume au Longuza, mkoani Tanga, mapema tu mtaulizwa: magogo mtayatoa kwa njia gani? Trekta, ng'ombe, winchi (mashine ya kuvuta kwa waya) au mikono ya watu? Msijibu mkiwa ofisini. Mimi nilijibu ofisini, nikakiona cha mtema kuni.

Kilikuwa kitalu, yaani kipande cha shamba la kuvuna, cha misindano (paini) huko milimani Lushoto. Kwenye ramani, ukingo wa mbali ulikuwa mita 150 tu kutoka barabarani, nikaomba trekta. Kufika, katikati kuna korongo. Trekta ikawa inazunguka kwa juu. Nilipohesabu hatua nikapata karibu mita 500 kila safari. Saa nane mchana tulikuwa na magogo tisa barabarani na tangi la mafuta limekauka. Utingo akaniuliza kwa upole kabisa, "Bosi, hili korongo kwenye ramani yako halipo?"

Hesabu yenyewe, ya barabara na umbali wa kuburuta gogo, si ngumu. Barabara mbili zikienda sambamba, mita 400 kati yake, na kila gogo likavutwa kwenye iliyo karibu, gogo la mbali kabisa litaburutwa mita 200, na wastani wa yote ni mita 100. Kilomita moja ya barabara inahudumia hekta 40. Ukizitenganisha mita 800, umepunguza kazi ya greda kwa nusu, ila wastani wa kuburuta umepanda hadi mita 200, na hapo ng'ombe na mikono hawawezi tena. Ukizibananisha, hata ng'ombe wanatosha, lakini umemaliza fedha kwenye kifusi na makalavati, na masika ikifika kila barabara isiyo na mitaro mizuri inageuka mto. Mahali panapofaa pako kati ya hapo, na kila kitalu kina pake.

Halafu angalieni barabara imepita wapi. Ikiwa juu ya mteremko, winchi inalivuta gogo kupanda. Ni taratibu, lakini mnalimudu. Ikiwa chini, gogo linataka kuja lenyewe, na mtu yeyote asisimame upande wa chini, hata kama anadai ana mbio.

Wajerumani pale Shume, kabla ya vita ya 1914, walikuwa na magogo juu mlimani na reli chini Mkumbara, katikati genge tupu. Wakatundika waya wa angani wa karibu kilomita 9. Watu huusimulia kama maajabu; mimi naona walikosa pa kupitisha barabara, basi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kona. Chukueni kamba, mpime. Lori la magogo marefu likishindwa kukata kona, urefu wa gogo umeshaamuliwa, hata kabla msumeno haujawashwa. Niliwahi kumshuhudia mnunuzi wa nguzo akiondoka na lori tupu kwa sababu ya kona moja. Miti ile mirefu, iliyonyooka kama mshumaa, tuliikata vipande vya futi 12 tukawauzia wapasua mbao kwa bei ya mbao.