Kapeti imelowa nyuma ya kiti: niichukue hii MX-5 au niiache?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nimepata Mazda MX-5 ya 2001, kile kizazi cha pili chenye paa la turubai, injini 1.8, odometa inasoma kilomita 138,000. Nimeiwasha inanguruma vizuri haina moshi, rangi inang'aa, paa linafunguka na kufunga fresh. Kitu kimoja tu, kapeti nyuma ya kiti cha abiria ina unyevu, mwenyewe anasema gari ilioshwa juzi dirisha likiwa wazi. Je nihofie? Na jamaa yangu ananiambia niachane na turubai nitafute Mercedes SLK ya paa la chuma, eti ile haina presha. Sijawahi kumiliki gari ya wazi, naomba mwongozo.

JIBU: Nzuri sana kaka, na umefanya vizuri kuitaja hiyo kapeti maana wengi wanaipita wanakimbilia boneti. Katika yote uliyoandika, hicho ulichokiita kitu kimoja tu ndicho kinachonihangaisha mimi. Injini ya hizo gari ni ngumu, ikipewa oili kwa wakati inakwenda mbali, na hata ikifa unatafuta nyingine unafunga maisha yanaendelea. Bodi ikioza hakuna cha kufungua na kufunga.

Ngoja nikueleze kwa nini, ukielewa hapa utaweza kukagua gari yoyote ya wazi sio hiyo tu. Gari ya kawaida paa lake linabeba nguvu, nguzo zimeungana juu mpaka inakuwa kama boksi lililofungwa. Chukua boksi la viatu utoe mfuniko, shika ncha mbili ujaribu kulisokota, linasokoteka bila shida. Ndio hali ya gari ikikosa paa, kwa hiyo mtengenezaji anahamishia nguvu chini, kwenye sakafu na kwenye vizingiti, yaani ile sehemu ya bodi inayopita chini ya mlango kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma. Kwenye gari ya wazi kizingiti ni uti wa mgongo. Na kwenye MX-5 ya kizazi cha kwanza (1989 mpaka 1997) na hiyo yako ya pili (1998 mpaka 2005), maji yakikosa njia yanaenda kukaa hapo hapo.

Fuata maji na mimi. Mvua inashuka kwenye turubai mpaka pale inapokutana na bodi nyuma ya viti. Hapo ndani kuna mfereji wa plastiki umejificha, unapokea maji na kuyapeleka kulia na kushoto, karibu na ule mnara mfupi unaotokea mkanda wa kiti. Pale kuna tundu, tundu lina bomba la mpira, bomba linashuka ndani ya bodi na kumwaga maji chini ya gari mbele kidogo ya tairi la nyuma. Sasa majani yanaingia, vumbi, nyuzi za turubai, vinagandana vinakuwa kama udongo wa chungu cha maua, bomba linaziba. Maji yakijaa yanafurika, mengine yanaingia ndani unakuta kapeti imelowa nyuma ya kiti kama hiyo yako, mengine yanapenya ndani ya kizingiti yanakaa humo miezi na miezi. Kizingiti kinaoza kuanzia ndani kuja nje, kwa hiyo ukiona vipele vidogo kwenye rangi pale chini mbele ya tairi la nyuma ujue ndani kumeshaliwa zamani.

Kuna siku niliitwa kukagua gari kama hiyo hiyo, silva, imepigwa polishi mpaka unajiona sura. Nikainua kapeti nyuma ya kiti nikaibonyeza, sponji ya chini ikatoa maji ya rangi ya chai. Nikalala chini na tochi, nikageuza bisibisi nikawa nagonga kizingiti kwa mpini taratibu kutoka mbele kwenda nyuma, tang, tang, tang, nilipofika kama shibiri moja kabla ya tairi mlio ukageuka, dup. Nikaweka sumaku, haikushika, ikaanguka. Nikabonyeza kwa kidole gumba tu kipande cha puti, ile wanayozibia mashimo ya bodi kabla ya rangi, cha ukubwa wa kiganja kikatoka kizima na rangi yake juu, nyuma yake tundu, na ndani ya tundu matope yamelowa. Aliyeniita alikuwa ameshatoa malipo ya awali. Niliumia sana kwa ajili yake, ndio maana nakuandikia kwa urefu kabla wewe hujatoa.

Lakini usimhukumu muuzaji bado. Kapeti kulowa kuna sababu zaidi ya moja na mahali palipolowa panakupa jibu. Ikiwa ni nyuma ya kiti, shuku hizo njia za maji au ule mfereji wa plastiki umechanika au haujakaa sawa, inatokea sana paa likibadilishwa na mtu anayekimbizana na muda. Ikiwa ni mbele pale abiria anapoweka miguu, inaweza kuwa bomba la kutolea maji ya AC limeziba, hiyo ni kazi ya dakika chache. Ikiwa unyevu unateleza kwenye vidole na una harufu tamu tamu na kioo cha mbele kinapata ukungu kila ukiwasha hita, basi ni maji ya redieta yanavuja kwenye hita, hapo dashibodi itafunguliwa na ni kazi kubwa. Ikiwa ni mlangoni, tazama mpira wa mlango na kioo, maana kioo cha hizi gari hakina fremu, kinategemea kuukandamiza mpira sawasawa, kikilegea kidogo maji yanapita. Hiyo inarekebishika kwa spana.

Kwa hiyo maelezo yake ya kuoshwa na dirisha wazi yanawezekana kabisa, ila yanapimika. Gari iliyolowa mara moja inakuwa na maji safi na harufu ya sabuni. Iliyolowa miezi inanuka uvundo, bolti za reli za kiti zina kutu, sponji ya chini ya kapeti ni nyeusi. Muombe ruhusa uinue kapeti, akikataa hata hilo, mimi ningeaga.

Halafu fanya jaribio la chupa. Fungua paa nusu, mulika kwa tochi nyuma ya mnara wa mkanda mpaka uone tundu, mwaga maji kidogo kidogo, mwenzako achungulie chini. Yanatakiwa yatoke mbele ya tairi la nyuma karibu papo hapo na yatoke mengi kama uliyomwaga. Yakichelewa au yakidondoka matone matone bomba limeziba, yasipotoka kabisa acha kumwaga. Rudia upande wa pili, usijiridhishe na mmoja. Kuzibua sio kazi ngumu, unaingiza uzi mnene wa nailoni ule wa mashine ya kukatia nyasi, unausukuma na kuuzungusha taratibu. Usitumie waya mgumu utatoboa bomba, na usipige upepo wa kompresa maana bomba linaweza kuchomoka ndani ya bodi, hapo umejitafutia tatizo jipya baya kuliko la kwanza.

Ukiwa chini hapo hapo, tambaa mpaka mbele. Kizazi cha pili kina ugonjwa wake mwingine, reli za chasisi za mbele, zile zinazotoka nyuma ya bampa kurudi kwenye injini. Chuma chake kimepangwa tabaka mbili, maji yanakaa katikati. Gonga, mulika, na ukikuta imepakwa lami mpya nzito jiulize inaficha nini. Pia angalia vichwa vya bolti za fenda kama vimeshikwa spana, na mapengo ya milango kama yanalingana juu na chini. Gari za namna hii zinasukumwa na matairi ya nyuma, na wapo waliojifunzia kuteleza nazo, kwa hiyo ajali zilizofichwa zipo.

Haya, tuje kwa SLK na jamaa yako. Paa la chuma lina utulivu wake, kelele kidogo, na usalama zaidi ukiipaki nje usiku. Ila kusema haina presha, hapana, imehamisha presha kutoka kwenye kitambaa kwenda kwenye pampu, mabomba ya haidroliki, mota na sensa. SLK ya kwanza iliyotoka 1996 paa lake linakunjwa kwa sekunde kama 25 na kila hatua kuna swichi ndogo inayoiambia kompyuta endelea. Moja ikikosea, paa linasimama katikati. Kwa hiyo gari ya namna hiyo hufungui mara moja ukaridhika, acha injini inawaka (betri peke yake inachoka haraka), fungua na kufunga mara tatu, sikiliza pampu, kisha tazama ndani ya buti na kwenye bawaba kama kuna mafuta yanavuja. Na kabla hujamwambia muuzaji paa bovu, angalia lile pazia la ndani ya buti kama limevutwa na kushikizwa, lisiposhikizwa paa halikubali kutembea, kuna watu wamelipia matengenezo ya kitu kizima kwa sababu ya hilo pazia.

Na maji hayaheshimu aina ya paa wala jina la gari. BMW Z4 ya kwanza mota ya paa imekaa kwenye shimo upande wa kushoto, njia ya maji ikiziba mota inaogelea. Porsche Boxster ya kwanza ina kontrobox ya alamu chini ya kiti, maji yakifika pale gari inaanza vituko vya umeme au inagoma kuwaka kabisa. Ndio maana nasisitiza, gari yoyote ya wazi anza na maji.

Ukisharidhika na bodi, mengine nakupitisha haraka. Taimingi belti ya injini hiyo inabadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, kwa hiyo kwa 138,000 inatakiwa iwe imeshabadilishwa, omba risiti, "nilibadilisha" ya mdomo hesabu haijabadilishwa. Klachi ikiwa laini mpaka chini, au gia inagoma kuingia, silinda ndogo ya klachi kule chini kwenye giaboksi inavuja, ni ugonjwa unaojulikana wala usikuogopeshe. Matairi usiangalie kashata (yale meno ya tairi) peke yake, gari hizi zinakaa sana, tairi linazeeka bado lina kashata nzima. Pale pembeni baada ya herufi DOT tafuta tarakimu nne za mwisho, 2318 maana yake wiki ya 23 mwaka 2018. Betri ya hiyo gari iko kwenye buti, inatakiwa iwe ile iliyozibwa yenye mabomba madogo ya kutolea hewa nje, ukikuta mtu kaweka betri ya kawaida inua zulia la buti uangalie kama asidi imeshakula chuma.

Kuhusu kuendesha, jaribu paa likiwa juu halafu likiwa chini, pita barabara yenye mashimo. Kioo cha kati kitatikisika kidogo na usukani pia, hiyo ni kawaida ya gari isiyo na paa. Kisicho kawaida ni mlango kugonga kwenye fremu au kugoma kufunguka gari ikiwa imeinuliwa jeki upande mmoja, hapo bodi imechoka.

Ukiinunua, turubai inataka adabu kidogo. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na brashi laini, usiipige mashine ya presha, maji yanapasua mishono na yanaingia kwenye mipira. Mipira ipake silikoni, sio grisi wala oili ya injini, hizo zinaila. Na usilikunje likiwa bichi, linaota ukungu kwenye mikunjo na harufu yake haitoki kirahisi. Ukilazimika kulikunja likiwa limelowa, ukifika tu lifungue likauke. Zile njia za maji zimwagie chupa kila unapobadilisha oili, utakuwa umemaliza.

Sasa ukienda kuiona mara ya pili beba chupa ya lita moja na nusu, tochi, sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi, na kadibodi ya kulalia. Nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukishamwaga maji niandikie yametokea wapi na yamechukua muda gani, na picha ya kizingiti mbele ya tairi la nyuma pande zote mbili, nitakuambia kama ningeichukua.