Mbao, Chuma na Baruti: Majibu kwa Wapenzi wa Bunduki za Kijeshi za Zamani

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaolenga shabaha kwa bunduki za kijeshi za zamani watuletee maswali yao. Tumeyachagua yanayojirudia zaidi. Tunachukulia kwamba kila aliyeandika ana leseni, analenga kwenye uwanja ulioidhinishwa, anavaa miwani na kinga ya masikio, na bunduki yake imekaguliwa na fundi wa silaha kabla ya risasi ya kwanza. Hilo la ukaguzi si maneno ya kupamba. Bunduki hizi zimepita mikono mingi na maghala mengi, na huwezi kujua kwa macho ni nani alibadilisha kitu gani ndani yake.

SWALI: Shikamooni. Nina bunduki ya kisasa ya .22 yenye darubini, na inapiga palepale ninapotaka. Lakini kila nikimwona mzee mmoja klabuni akisukuma klipu ya risasi kwenye Lee-Enfield yake, moyo unanienda mbio. Raha yake ni nini hasa, na nianze na ipi?

JIBU: Marahaba, kijana. Raha yenyewe ni kwamba kazi yote inakurudia wewe. Hakuna kioo cha kukusogezea shabaha. Kuna vilengeo viwili vya chuma, jicho lako, pumzi yako na bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, unayoivuta kwa mkono. Ukiweka risasi tano ndani ya duara la sentimita 10 kwa mita 100, kwa vilengeo vya wazi na bunduki iliyotengenezwa kabla wazazi wako hawajazaliwa, umefanya jambo la kujivunia. Na unapofuata utaratibu uleule wa kupakia na kulenga ambao silaha hiyo ilibuniwa kwa ajili yake, unaanza kuielewa kwa mikono, si kwa picha.

Usichague kwa sura. Tazama kwanza risasi zake zinapatikana au la, kisha hali ya mtutu, na sura iwe ya mwisho. Kwa bega la mgeni, Mauser ya Uswidi ya M96 yenye risasi ya 6.5x55 ndiyo tunayoipendekeza kuliko zote: haimsukumi mtu kwa ukali na inalenga vizuri sana. K31 ya Uswisi bolti yake huvutwa nyuma moja kwa moja bila kuinuliwa, na utengenezaji wake ni wa kupendeza, ila risasi yake ya 7.5x55 haipatikani kila mahali. Mauser Kar98k ya Ujerumani, iliyoanza kutumika mwaka 1935, ni imara, na mfumo wake wa bolti ndio baba wa bunduki nyingi za uwindaji za leo. Lee-Enfield ya Uingereza ina magazini ya risasi kumi na bolti inayogeuka kwa nyuzi 60 tu, kwa hiyo anayetaka mwendo wa kasi hataipata bunduki nyingine ya bolti ya kijeshi inayomfaa zaidi. Mosin-Nagant ya Kirusi ni ngumu kidogo mkononi na humsukuma mtu kwa nguvu, hasa ile fupi ya M44.

Kabla ya kununua, toa bolti uangaze mtutu kwa taa. Mifereji ionekane yenye kingo kali hadi mdomoni. Chunguza mdomo wa mtutu kuliko sehemu nyingine yoyote, maana wengi walisafisha kwa ufito wa chuma kutoka mbele na kuula. Linganisha namba ya bolti na namba ya mwili. Zikitofautiana, bunduki haijaharibika, lakini fundi lazima apime nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na sehemu ya mtutu inayolizuia ganda lisisogee mbele. Kwa risasi ya .303 ya Lee-Enfield, vipimo vya jeshi la Uingereza vilikuwa kati ya inchi 0.064 na 0.074, yaani takribani milimita 1.63 hadi 1.88. Nafasi ikizidi hapo, ganda linaweza kukatika katikati na gesi moto ikarudi usoni. Kwenye Lee-Enfield No. 4 fundi anaweza kurekebisha hilo kwa kubadilisha kichwa cha bolti. Vichwa hivyo vilitengenezwa kwa namba 0 hadi 3, na namba ikipanda kichwa kinarefuka.

SWALI: Nilipiga risasi za akiba ya jeshi la Kisovieti kwenye SKS yangu, nikaisafisha jioni kwa mafuta mazuri ya bunduki, nikaifunga. Wiki iliyofuata ndani ya mtutu kulikuwa na kutu. Mafuta yalikuwa mabovu?

JIBU: Mafuta hayana kosa. Tatizo ni chumvi, na mafuta hayayeyushi chumvi.

Fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) za risasi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu, kwa sababu ilivumilia kuhifadhiwa miaka mingi. Inapoungua huacha kloridi ya potasiamu, chumvi iliyo jamaa ya ile ya mezani, nayo huvuta unyevu kutoka hewani. Ukiipaka mafuta juu yake umeifunika tu, na inaendelea kula chuma chini ya utando huo. Chumvi huondolewa na maji. Dawa za gharama kubwa zinazouzwa kwa kazi hii zinasaidia kwa kadiri zilivyo na maji ndani yake. Amonia ambayo watu huisifia haiongezi chochote kwenye kuyeyusha chumvi.

Fanya hivi siku ileile uliyopiga, usingoje kesho. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha toa bolti. Funga kitambaa kuzunguka mbao mahali maji yanapoweza kuingia. Elekeza mdomo wa mtutu chini, weka faneli yenye mpira mwembamba kwenye chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, umimine nusu lita ya maji yaliyochemka. Maji ya moto yana faida mbili: huyeyusha haraka, na huupasha mtutu joto hadi ukajikausha wenyewe kwa sehemu kubwa. Pitisha vitambaa vikavu vitatu au vinne. Baada ya hapo ndipo usafishe kama kawaida kwa dawa ya kuondoa masizi na brashi ya shaba, ukimalizia na mafuta kidogo.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo kutu inapojificha. Uso wa bolti na ncha ya pini inayogonga fataki navyo vimepuliziwa chumvi. Kwenye SKS, inayojipakia yenyewe kwa nguvu ya gesi, kuna zaidi: pistoni, bomba la gesi na tundu la gesi. Vioshe vyote kwa maji ya moto, vikaushe, vipake mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe mtutuni, na tena baada ya siku tatu. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia kuosha kwa maji.

Risasi za kijeshi za Ulaya Mashariki, hata zikiwa na maganda yanayong'aa, zihesabu zote kuwa za chumvi mpaka uwe na ushahidi wa kinyume. Za Marekani za .30-06 za wakati wa Vita vya Pili nazo ni hivyohivyo kwa sehemu kubwa. Risasi za bunduki fupi ya M1 (kabini) zilizotengenezwa Marekani hazikuwa na fataki ya chumvi tangu mwanzo, kwa sababu pistoni yake haikukusudiwa kufunguliwa na askari kila siku.

SWALI: Mosin-Nagant yangu ya 91/30 ina mambo mawili. Baada ya risasi kumi hivi bolti inakataa kufunguka hadi niigonge kwa kiganja. Pili, kwa mita 100 inapiga sentimita 20 juu ya shabaha.

JIBU: Bolti kwanza. Bunduki hizi zilihifadhiwa zikiwa zimepakwa grisi nzito, na mabaki yake hubaki kwenye kuta za chemba. Chemba ikipata joto, grisi hiyo hugeuka ulimbo na kulishika ganda. Watu hulaumu rangi inayopakwa maganda ya chuma, lakini mara nyingi chanzo ni grisi ya ghalani. Toa bolti, loweka chemba kwa tapentaini ya madini kwa dakika 15, kisha isugue kwa brashi ya shaba inayoijaza, ukiizungusha kwa mkono kutokea nyuma. Rudia hadi kitambaa kitoke safi. Usitumie petroli, na usitumie msasa, kwani mikwaruzo hulishika ganda kuliko hata grisi.

Bolti ikiwa nzito hata bila risasi ndani, chanzo ni kingine. Mosin hukaza springi ya pini wakati wa kufungua, na mkono wake wa bolti ni mfupi, kwa hiyo uzito fulani ni wa kuzaliwa nao. Grisi nyepesi kwenye mteremko unaorudisha pini nyuma husaidia sana.

Kuhusu kupiga juu: askari wa Kisovieti alitakiwa kupiga akiwa na singe mbele ya mtutu, na vilengeo vilirekebishwa hivyo. Ukiitoa singe, risasi huhama. Hakikisha kwanza kilengeo cha nyuma kiko kwenye alama ya chini kabisa, 1, yaani mita 100. Kama bado zinakwenda juu, inakubidi urefushe kilengeo cha mbele, kwa hesabu hii: umbali kati ya vilengeo, mara kosa, gawanya kwa umbali wa shabaha. Kwenye 91/30 vilengeo vimeachana milimita 622. Kosa la milimita 200 kwa mita 100 linadai 622 x 200 ÷ 100,000, yaani takribani milimita 1.24.

Usichomelee chochote. Kata kipande cha ganda la plastiki la waya mwembamba wa umeme, ukivike kwenye nguzo ya kilengeo kikiwa kirefu kuliko unavyohitaji, kisha kipunguze kidogo kidogo kwa wembe, ukipiga risasi tano kila baada ya kukata. Kama kosa ni la pembeni, sukuma kilengeo cha mbele kuelekea upande uleule risasi zinakoangukia. Zikienda kushoto, kipeleke kushoto.

SWALI: Lee-Enfield yangu inakwama nikipakia haraka. Risasi ya pili haitoki kabisa.

JIBU: Risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako. Ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa ile iliyo chini yake, zinashikana, na bolti inajaribu kuzisukuma mbili kwa pamoja. Unapopakia moja moja, hakikisha kila ukingo unakaa mbele ya ule wa chini yake. Kwenye klipu ya risasi tano, zipange tatu ukingo chini na mbili ukingo juu, kwa kupishana. Bonyeza kwa kidole gumba karibu na kitako cha risasi ya juu, si katikati yake, kwa msukumo mmoja usiokatika. Magazini ya Lee-Enfield hutolewa kwa kusafishwa. Ipakie ikiwa ndani ya bunduki. Bado inakwama? Muone fundi aangalie midomo ya magazini.

Kabla ya 1914 askari wa miguu wa Uingereza walijizoeza kupiga risasi 15 zilizolengwa kwa dakika moja kwenye shabaha ya yadi 300. Ukitaka kuonja zoezi hilo, anza na bunduki tupu. Kitako kisitoke begani, shavu lisiinuke, na bolti isukumwe mbele kwa nguvu, kwa sababu Lee-Enfield hukaza springi wakati wa kufunga. Anayeisukuma kwa woga ndiye anayekwama.

SWALI: Je, naweza kupiga risasi yoyote ya .30-06 ya dukani kwenye M1 Garand? Na nitakiokoaje kidole gumba?

JIBU: Hapana, si yoyote. Garand, iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1936, ilibuniwa kwa risasi ya kijeshi yenye kichwa cha gramu 10 hadi 11 hivi. Risasi za uwindaji zenye vichwa vizito na baruti inayoungua polepole huacha shinikizo kubwa bado likiwa hai linapofika kwenye tundu la gesi karibu na mdomo wa mtutu. Shinikizo hilo huukunja ufito unaoendesha bolti, na kuupata mwingine ni shida. Nunua risasi zilizoandikwa wazi kuwa ni za Garand, au fundi akuwekee kizibo cha gesi kinachorekebishika. Sehemu zinazosuguana zipake grisi badala ya mafuta mepesi.

Kidole: unaposukuma klipu ya risasi nane, ubavu wa kiganja cha kulia uzuie mkono wa ufito usiende mbele. Klipu ikishika, ondoa gumba kwanza, kisha kiganja. Lakini wengi huumia wakati wa kusafisha, magazini ikiwa tupu: wakibonyeza sahani ya ndani bila kushika ufito, bolti inaruka mbele na kukibana kidole.

SWALI: Nikivuta kifyatulio nikasikia "ta" tu, nifanye nini?

JIBU: Mtutu ubaki kwenye shabaha, bolti ibaki imefungwa, hesabu angalau sekunde 30. Risasi za zamani, hasa za .303 zenye kordaiti (baruti ya zamani ya Uingereza), huweza kuchelewa kulipuka. Kisha fungua uso wako ukiwa pembeni. Ukisikia mlio dhaifu na usihisi msukumo, hatari ni kubwa zaidi: kichwa cha risasi huenda kimekwama mtutuni. Acha kupiga, toa bolti, tazama mwanga kupitia mtutu. Risasi nyingine nyuma ya iliyokwama hupasua mtutu.

SWALI: Nimerithi Gewehr 88 ya Ujerumani. Risasi za 8x57 zinazouzwa leo zinaingia vizuri. Nipige?

JIBU: Usipige. Mitutu ya awali ilichongwa kwa kichwa cha risasi chenye kipenyo cha milimita 8.08. Mwaka 1905 Ujerumani ilihamia kwenye kichwa cha 8.20, ndicho kilichomo kwenye risasi nyingi za leo zenye alama ya IS au JS. Ganda linaingia, ila kichwa ni kinene na shinikizo ni kubwa kuliko mwili wa bunduki hiyo ulivyokusudiwa. Baadhi ya Gewehr 88 zilirekebishwa na kugongwa herufi S, lakini hata hizo mpelekee fundi apime mtutu kwa kusukuma ndani yake tufe laini la madini ya risasi na kulipima kwa mikromita.

SWALI: Mbao zimefifia. Nizipige msasa na vanishi?

JIBU: Msasa hufuta mihuri ya wakaguzi na alama za kiwanda, na zikishapotea hazirudi. Futa uchafu kwa tapentaini na kitambaa. Mbao za Lee-Enfield zilipakwa mafuta ya kitani: paka matone machache, sugua kwa kiganja hadi papate joto, futa yanayobaki, acha saa 24, rudia mara tatu au nne. Mosin zilipakwa shelaki, na mafuta ya kitani hayatashika juu yake. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike: hujipasha joto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke kabisa, ndipo uvitupe.