Chumba kimoja cha michezo kwa watoto wasiolingana umri

Chumba cha michezo cha mtoto mmoja hakisumbui. Kazi inaanza pale wanapokitumia wa miaka 8 anayejenga vitu vya vipande vidogovidogo, na wa miaka 2 ambaye kila anachookota safari yake ni mdomoni. Hao ni wangu, na katikati yupo wa miaka 5 anayehamia upande wowote wenye vurugu. Hela ya kumpa kila mmoja kona yake hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo, kona haimzuii mtoto aliyekwisha kujua kutembea.

Chumba tumekigawa kwa kimo. Chini, anapofika mdogo bila kunyanyua kisigino, panakaa vitu ambavyo hata akivitafuna havitamdhuru. Juu ya hapo ni vya wa katikati. Juu kabisa, anapofika mkubwa peke yake, ndiko ziliko shanga, mikasi, gundi na vile vipande vyake, ndani ya vyombo vya mfuniko wa kubana. Mgawanyo huu hauna gharama, na ndio unaoamua kitu gani ununue na kipi ukiache dukani.

Utajuaje kipi kikae chini? Chukua lile bomba la karatasi linalobaki tishu ya chooni inapoisha. Kinachopita ndani yake kinapanda juu, hakuna mjadala. Kipimo rasmi cha Marekani kwa vitu vya kuchezea vya watoto wa chini ya miaka 3 kina upana wa sentimita 3.17 hivi. Bomba la tishu kwa kawaida ni pana kidogo kuliko hapo, kwa hiyo linakamata hata vitu ambavyo kipimo rasmi kingeviachia. Vitu viwili sivipimi kabisa, havikai ndani ya chumba hiki: sumaku ndogo zenye nguvu, maana mbili zikimezwa huvutana ndani ya tumbo na kubana utumbo katikati yake, na midoli ambayo kifuniko cha betri hakina skrubu. Zile betri bapa za duara zikikwama kooni zinaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2.

Sasa rafu, ambayo ndiyo nusu ya bajeti yote. Usinunue rafu ya watoto. Tafuta kabati la vitabu refu lililokwisha kutumika, kisha lilaze ubavu. Unapata rafu fupi, ndefu kwa upana, yenye vyumba vyumba, na ni vigumu kuliangusha. Ila kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Kwenye makabati mengi zile mbao za ndani zimekaa tu juu ya vijiti vidogo. Ukishalilaza, mbao zinasimama wima na hakuna kinachozishika. Mtoto akivuta moja anabaki nayo mkononi. Zipige skrubu kila upande kabla hujaliingiza chumbani. Ubao wa nyuma nao, ule mwembamba, huwa umeshikwa na misumari midogo tu, uongezee.

Rafu za juu lazima zifungwe ukutani, hata zile unazoziona nzito, kwa sababu mtoto akiona droo anaona ngazi. Ukuta wa matofali unataka drili na plagi za plastiki. Ukuta wa jipsamu unataka skrubu iikute nguzo iliyo nyuma yake, la sivyo siku moja itang'oka na kipande cha ukuta.

Kuhusu samani za zamani zilizopakwa rangi, usikimbilie msasa. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, nchi nyingine zilichelewa zaidi. Kama hujui historia ya kabati, chagua la mbao tupu.

Kwa midoli yenyewe, punguza kwanza ndipo ununue. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo huko Marekani waliwapa watoto wadogo 36 vitu 4 vya kuchezea kwa zamu moja, na 16 kwa zamu nyingine. Walipokuwa na 4, walidumu na kila kimoja muda mrefu zaidi na wakakichezea kwa namna nyingi zaidi. Nami naliona hilo nyumbani: sehemu kubwa ya midoli yetu iko kwenye maboksi nje ya chumba, na boksi likirudi baada ya wiki kadhaa linapokelewa utadhani limenunuliwa jana. Cha kununua kilichotumika bila wasiwasi ni vitofali vya Lego, kwani vya mwaka 1958 bado vinaungana na vya leo. Vioshe kwa sabuni na maji yasiyozidi nyuzi joto 40.

Ugomvi mkubwa haukuwa wa midoli, ulikuwa wa kazi ambazo hazijaisha. Mkubwa anajenga nusu mnara, anaitwa kuoga, akirudi mdogo ameshaupitia. Dawa imekuwa kipande cha ubao laini chenye kingo za kufichwa kwa utepe. Anajengea juu yake, na akitoka anaubeba wote na kuuweka rafu ya juu kama ulivyo. Kila mtoto pia ana boksi moja lenye jina lake ambalo halishirikiwi na mtu. Kuwaambia washirikiane kila kitu ni kuwatafutia kesi.

Sanduku kubwa la mfuniko mzito mimi silitaki: linabana vidole, na kilichozama chini yake hakionekani tena. Picha za ukutani, hema, taa za nyota, vyote vinaweza kusubiri. Hela iliyobaki tumeiweka kwenye mikeka ya sponji ya kuunganisha, ile minene, kwa kuwa wote watatu wanacheza sakafuni hata ukiwapa meza.

Mdogo siku hizi amegundua kwamba ndoo ikigeuzwa inapandika. Rafu ya katikati tumeihamisha vitu vyake tena, na ndoo zimetoka chumbani.